Saratani ya Utumbo: Kwa Nini Dawa Kabla ya Kisu?



Usiku mmoja wa mwezi wa Rajabu uliopita, baada ya sala ya Magharibi, alinijia barazani kwangu hapa Mwanakwerekwe kijana mmoja ambaye nalimsomesha Juzuu Amma alipokuwa mtoto. Mkononi alikuwa na bahasha kubwa ya khaki. Akanipa shikamoo, nikamwitikia, akakaa kimya muda mrefu akiigeuza geuza ile bahasha. Ndipo aliposema: "Maalim, baba ana saratani ya utumbo mpana, na sisi nyumbani tumegombana."

Ugomvi wao haukuwa wa mali wala wa urithi. Madaktari walikuwa wamesema mzee asipasuliwe kwanza, bali atiwe dawa za mshipani kwa muda wa wiki sita, kisha ndipo apelekwe chumba cha operesheni. Ami yake kijana, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo, alikataa katakata. "Nyoka akiingia ndani," alisema, "hangojwi wiki sita. Huuawa pale pale." Shangazi naye alikuwa na hofu nyingine, ya kuwa uvimbe ukichokozwa kwa dawa utatawanyika mwili mzima. Na kijana mwenyewe alikuwa na rai ya tatu. Alikuwa amesoma katika simu yake kwamba huko Ulaya na Marekani imepatikana dawa inayowaamsha askari wa mwili wakauyeyusha uvimbe, na wengine hata kisu hawakukiona. Alitaka kiuzwe kiwanja chao cha Jumbi, mzee asafirishwe akaipate dawa hiyo. Ami aliposikia habari ya kiwanja, ndipo maneno yalipokuwa makali.

Wakaniomba niwe mwamuzi. Nami si daktari. Elimu yangu ni ya chuoni na madarasa machache ya skuli, basi nalikataa kuamua jambo nisilolijua. Nalichokubali ni kufuatana nao kwenda kuuliza. Niliyoyasikia na niliyoyasoma baadaye nimeona niyaandike, kwani hapana shaka ziko nyumba nyingine zenye ugomvi kama ule, au zitakuwa nao.

Lakini kwanza niseme namna maradhi yale yalivyochelewa kujulikana. Mzee wetu ni mtu wa sokoni, umri wake umevuka sitini, na kazi yake ni kupokea magunia ya mbatata na vitunguu. Kwa muda wa miezi minane alikuwa akiona damu chooni. Akasema moyoni mwake ni bawasiri. Choo kikageuka, mara kigumu, mara chepesi, mara chembamba kama kamba. Akasema ni chakula. Akakonda, akawa akipanda ngazi mbili anahema. Akasema ni uzee. Alipokwenda zahanati moja, ambayo jina lake halina haja hapa, alipewa dawa ya kupaka akarudi nyumbani, wala hakuna aliyevaa mpira wa mkononi akampima kwa kidole. Hata mkewe hakumwambia. Sababu ni haya.

Hapa nataka kusema neno kama mwalimu wa chuoni. Sisi tunamfundisha mtoto wa miaka saba mlango wa tahara, tukamtajia haja kubwa na haja ndogo, kinachotoka mbele na kinachotoka nyuma, wazi wazi bila ya kuficha, kwani ni dini. Basi vipi mtu mzima aliyeyasoma hayo utotoni aone aibu kumtajia daktari damu aliyoiona? Haya ni katika imani, lakini si haya ya namna hiyo.

Tulivuka kwa boti asubuhi kwenda Dar es Salaam, kama walivyovuka wagonjwa wengi wa saratani wa Unguja na Pemba kabla yetu. Pale ufukweni, katika jengo lililoanzishwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, ndipo ilipo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ambayo iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, na jina lake kwetu visiwani linatajwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni jina la maradhi yenyewe. Daktari aliyetupokea mjini humo alikuwa bibi mmoja mpole, mwenye kusema taratibu. Ami alimtolea hoja yake ya nyoka. Hakumcheka. Alimwuliza: "Mzee wangu, huyo nyoka akiwa amekwisha taga mayai pembeni, utakuwa umefanya nini kwa kumwua yeye peke yake?"

Kisha akatueleza. Saratani ya utumbo mpana huanza kwa kawaida katika kinyama kidogo kinachoota ndani ya ukuta wa utumbo, na huchukua miaka mingi kabla hakijageuka kuwa maradhi. Kikishageuka, huchimba ukuta, kikafika kwenye tezi zilizo karibu, na chembe zake huweza kuingia katika damu zikakaa ini au mapafu, ndogo mno hata picha haizioni. Kisu hutoa kile kinachoonekana. Mayai yale yasiyoonekana, kisu hakina njia nayo. Kwa hiyo tangu zamani desturi ilikuwa kumpasua mgonjwa, kumngoja apone jeraha, kisha kumpa dawa za kuua chembe zilizobaki, ambazo huitwa tibakemikali. Mashaka yake ni kwamba wako wanaotoka katika operesheni wakiwa dhaifu, dawa ikachelewa, au ikawa haiwezekani kabisa, na muda wote huo mayai yanakua.

Ndipo madaktari wakauliza: kwa nini tusiitangulize dawa? Katika nchi ya Uingereza na nchi nyingine mbili tatu walifanya jaribio kubwa lililoitwa FOxTROT, la wagonjwa 1,053, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023. Kundi moja walipasuliwa kwanza kama desturi, na kundi la pili walipewa wiki sita za tibakemikali kabla ya kisu. Baada ya miaka miwili, waliosaliwa na maradhi au kurudiwa nayo katika kundi la desturi walikuwa kiasi cha 21 na nusu katika kila 100, na katika kundi la dawa kwanza walikuwa kiasi cha 17. Tofauti si ya miujiza, lakini ni watu. Na ile hofu ya shangazi, ya kwamba dawa itautawanya uvimbe, haikuonekana. Uvimbe ulinywea, na operesheni hazikuwa na madhara zaidi kwa ajili ya kungoja.

Bibi daktari aliongeza sharti, nalo ni zito. Dawa kwanza ni kwa mgonjwa ambaye utumbo wake haujazibwa. Aliyevimba tumbo, anayetapika, asiyepitisha hata upepo, au anayetoka damu nyingi, huyo hangojeshwi. Kisu ni siku ile ile. Basi ami hakukosea katika kila hali.

Ama ile rai ya kijana ilitaka maelezo marefu zaidi, na mimi ndiyo iliyonivutia kuliko zote.

Mwenyezi Mungu ametujaalia katika damu chembe nyeupe ambazo ni askari. Huzunguka mwilini usiku na mchana, wakikuta kigeni hukiua. Na kwa hekima yake wametiwa breki, ili wasije wakamgeukia mwenyewe wakamla. Saratani ni mwizi anayeijua siri ya breki hizo. Askari akimkaribia, humpa salamu kama mtu wa mtaani, askari akajibu salamu akapita. Wataalamu wawili, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, waligundua namna ya kuziachia breki, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa zilizotokana na kazi yao haziui saratani zenyewe. Humzuia askari asidanganywe na salamu. Hii ndiyo tiba ya kinga. Wala wazo lenyewe si geni kama tunavyodhani. Chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu mkononi kwa watoto wetu, imetumiwa tangu katikati ya miaka ya 1970 kutiwa ndani ya kibofu chenye saratani, ili kuwachokoza askari wa mahali pale wapigane.

Sasa sikiliza jambo ambalo lilinifanya nitabasamu pale hospitali, kwani lilikuwa kazi yangu ya kila siku. Chembe ya mwili inapojigawa huandika nakala ya maandishi yake yote, na katika nakala hutokea makosa. Basi kila chembe ina wasahihishaji wake, wanaoipitia nakala na kuyatoa makosa, mfano wa mwalimu anayemsikiliza mtoto asomapo na kumrudisha kila anapokosea irabu. Ziko saratani ambazo wasahihishaji hao wameharibika. Ni kama 10 hadi 15 katika kila 100 za utumbo mpana. Humo makosa hujaa maelfu, na chembe hugeuka sura kabisa hata askari akimwona mwizi anamjua kuwa ni mgeni, ila tu breki zimemzuia. Ukiziachia breki, askari humwangukia kwa kishindo.

Khabari alizozisoma kijana zilikuwa za saratani ya namna hiyo. Huko Amsterdam, Uholanzi, Daktari Myriam Chalabi na wenzake waliwapa wagonjwa wa utumbo mpana wenye kasoro hiyo dawa mbili za kinga kwa wiki chache tu kabla ya kisu. Walichapisha matokeo mwaka 2024. Kati ya wagonjwa 111 waliochunguzwa, utumbo ulipotolewa na kupimwa, karibu wote walikutwa uvimbe umekufa kwa sehemu kubwa, na 68 katika kila 100 haikuonekana hata chembe moja hai. Na mwaka 2022 huko New York walieleza khabari za wagonjwa 12 wa saratani ya mwisho wa utumbo, karibu na njia ya haja, wote wenye kasoro hiyo hiyo. Walipewa dawa moja ya kinga kwa miezi sita, uvimbe ukatoweka kwa wote kumi na wawili, wasihitaji kisu wala mionzi. Si uongo, basi, aliousoma kijana. Alichokuwa hakukisoma ni lile neno "wenye kasoro hiyo". Na la kuajabisha ni kwamba katika jaribio lile la Uingereza, saratani za namna hii ndizo zilizoitikia tibakemikali kwa uchache sana. Dawa inayomfaa huyu haimfai yule.

Je, wale 85 waliobaki, ambao wasahihishaji wao ni wazima? Kwao dawa ya kinga ikitumiwa peke yake hufanya kazi kidogo. Mwizi wao anafanana mno na wenyeji. Hapa ndipo lilipokuja wazo la kuziunganisha tiba mbili kabla ya kisu. Tibakemikali huzivunja chembe za saratani, na zikivunjika hutoa nje yaliyofichwa ndani, askari wakayaona na kuyajua. Hapo hapo dawa ya kinga inawafungulia breki. Tena uvimbe ukiwa bado upo mahali pake, huwa ni chuo cha kuwasomesha askari. Wanaijifunza sura ya adui, na uvimbe ukishatolewa wanabaki wakizunguka mwilini kuyatafuta yale mayai. Ukiutoa kwanza, umekiondoa kitabu kabla wanafunzi hawajasoma.

Katika saratani ya mapafu muungano huo umekwisha thibiti. Jaribio la wagonjwa 358 lililochapishwa mwaka 2022 lilionyesha kuwa waliopewa tiba zote mbili kabla ya kisu, 24 katika 100 hawakukutwa na chembe hai, na waliopewa tibakemikali pekee walikuwa 2 tu katika 100. Kwa utumbo mpana wenye kasoro ya usahihishaji, jaribio kubwa la Marekani na Ujerumani, lililotangazwa mwaka 2025, liliziunganisha tiba mbili baada ya kisu, na miaka mitatu baadaye waliosalimika bila maradhi kurudi walikuwa 86 katika 100, wakati waliopewa tibakemikali peke yake walikuwa 77. Lakini kwa utumbo mpana wa namna ya kawaida, na kabla ya kisu, jambo hili lingali katika majaribio. Wako walioitikia vizuri, wako ambao haikuwasaidia kitu, na haijawa desturi ya hospitali. Anayekuuzia kwa yakini anakuuzia asichokuwa nacho.

Nisiache kusema kwamba katika kusimama kwa elimu hii, Afrika yetu ya Mashariki ina mkono wake. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mwairishi aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Kisu hakikufaa, na mashine ya mionzi hakuwa nayo. Akajaribu dawa, kidogo kidogo, na uvimbe ambao ulikuwa umeufanya uso wa mtoto usijulikane ukayeyuka kwa siku chache. Wako watoto waliopona kwa dozi ndogo mno hata madaktari wakashuku kwamba kinga ya mwili wa mtoto mwenyewe ndiyo iliyoimaliza kazi ambayo dawa iliianza. Mwaka 1967 ilianzishwa hapo Kampala Taasisi ya Saratani ya Uganda, kiongozi wake wa kwanza akiwa Daktari John Ziegler, na mwaka 1972 yeye na Burkitt walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker huko Marekani kwa kazi hiyo. Watoto wale wa Uganda, ambao majina yao hatuyajui, walikuwa katika wa kwanza duniani kuonyesha kuwa saratani inaweza kuponywa kwa dawa.

Burkitt huyo huyo aliligeukia tumbo baadaye. Alistaajabu kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra katika vijiji vya Uganda na ni ya kila siku Uingereza. Akawapima watu, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakaeleza kwamba chakula cha mwanakijiji wa Uganda kilipita tumboni kwa kiasi cha siku moja na nusu, na cha mabaharia wa Kiingereza kwa zaidi ya siku tatu. Akasema sababu ni makapi ya vyakula: nafaka zisizokobolewa, maharage, mboga, matunda. Wataalamu wa baadaye wameongeza sababu nyingine nyingi, lakini hilo la makapi halijatupwa. Nami nikipita jioni Mwanakwerekwe, nikaona chipsi na mkate mweupe na soda mbele ya kila mtoto, huwaza kwamba yule daktari angetupima leo asingetustaajabia.

Turudi kwa mzee. Kipande cha nyama kilichokatwa kwa ule mpira wenye kamera kilipelekwa kupimwa kwa rangi maalumu inayoonyesha kama wasahihishaji wapo au hawapo. Hicho ndicho kipimo cha kuuliza, ndugu msomaji, kabla hujauza hata kuku. Tulingoja siku kumi na mbili. Jawabu lilikuja: wasahihishaji wapo wote. Saratani yake ni ya namna ya kawaida. Ile dawa ya Amsterdam haikuwa ya kwake, na bei yake ni ya kukimaliza kiwanja cha Jumbi na kuacha deni juu. Kijana alilia. Nadhani alilia kwa kuwa alikuwa amekwisha kuiona nafuu kwa macho yake.

Mzee akaanza tibakemikali katikati ya Shaaban, na Ramadhani ikamkuta humo. Akashikilia kufunga. Nalikwenda nikakaa naye nikamkumbusha ruhusa ambayo Mola amempa mgonjwa katika Kitabu chake, na kwamba anayetarajia kupona hulipa siku zake baadaye, na asiyetarajia hutoa chakula cha maskini. Akaniuliza: "Maalim, wewe waniona mimi ni yupi?" Nikamwambia nia ya kulipa. Akala.

Dawa ilimwonyesha rangi zake. Mdomo ulichubuka, vidole vikawa vinachomachoma, na akigusa maji ya barafu huruka kana kwamba ameshika waya wa umeme. Daktari alikuwa amewaonya: homa ikipanda usiku wasingoje asubuhi, kwani askari wa damu hupungua na maradhi madogo huua. Walikwenda naye mara moja saa nane za usiku, wakampata kwa wakati. Wanaopewa tiba ya kinga nao wana onyo lao. Askari waliofunguliwa breki huweza kuushambulia utumbo, ini, mapafu au tezi ya shingoni, hata miezi baadaye, kwa hiyo kuharisha au kuhema kusikojulikana sababu ni kwa kupelekwa hospitali, si kwa kunywa chai ya tangawizi. Na habasoda, shubiri na mizizi, vyote mwambie daktari unavyotumia, asije akatibu asichokijua.

Siku ya operesheni, katika Mfunguo Mosi, hofu ya mzee haikuwa kufa. Alikuwa ameambiwa huenda akatolewa utumbo ubavuni na kuvishwa mfuko wa choo, kwa muda, ili mshono wa ndani upone. "Nitasalije?" aliniuliza. Nalimjibu kama tulivyosoma katika fikihi yetu juu ya mwenye udhuru wa kudumu, kama asiyeweza kuzuia mkojo: wakati ukiingia hujisafisha kadiri awezavyo, hutawadha, husali faradhi yake, wala kinachotoka bila ya khiari yake hakimharibii. Wengi wameacha kukubali operesheni kwa ajili ya suala hili, na jawabu lake limo katika vitabu vya wanafunzi wa mwanzo.

Akatolewa kipande cha utumbo na tezi ishirini na moja. Katika tezi hizo, mbili zilikutwa na makovu ya maradhi yaliyokufa, na moja ilikuwa na chembe hai. Atamaliza dozi zilizobaki, na mfuko utatolewa baadaye, inshallah. Ami ndiye anayempeleka kila mara, naye amekuwa hodari wa kuwaeleza wagonjwa wengine wodini khabari za nyoka na mayai yake.

Kijana ameambiwa kwamba mtu ambaye mzazi wake amepata maradhi haya huangaliwa kwa kamera akifika miaka 40, au mapema zaidi mzazi akiwa aliugua kijana. Yeye ana 41. Mara mbili amepewa siku, mara mbili akapata safari. Juzi nalimwendea dukani nikamwambia alete ile karatasi ya miadi. Imeandikwa Jumanne, saa mbili asubuhi. Nimemwambia nitakuwa bandarini kabla yake.